Mdako na Mama Mkwe

Sijawahi kupenda kushindwa. Nasema mapema, maana wanaonijua wakisoma hapa wataguna. Utotoni, kule Ilala, nikiona mchezo unaniendea vibaya nilikuwa nafukia shimo la mdako kwa mguu, naokota komwe langu, na kwenda zangu nyumbani. "Sichezi tena!" Wenzangu walinipachika jina ambalo sitaliandika. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nitaolewa na nitaachika kwa sababu ya ubishi wa michezo tu. Sikuachika, alhamdulillahi. Nilipata mume mpole, na pamoja naye nikapata mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye duka la nguo za watoto Kariakoo na magoti mabovu. Alianza na Dubai, akahamia Bangkok, na mwishoni mwa miaka ya tisini, wafanyabiashara walipoanza kunong'onezana habari za Guangzhou, hakungoja kusimuliwa. Akanichukua mimi nimbebee mabegi. Baada ya safari mbili nilikuwa nabeba mabegi na maneno pia, kwa sababu Kichina cha sokoni kiliniingia upesi. Yeye alijua kusema "laoban" tu, ndivyo tulivyowaita wenye mali wote, na alilisema kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kuoga.

Safari ya tatu, tukiwa bado ndani ya ndege, akanigeukia.

"Magoti haya yamegoma, mwanangu. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Ijayo namtuma mtu mmoja. Ama wewe, ama mke wa shemeji yako mkubwa. Nitatazama."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama," kwa unyenyekevu.

Huyo mke wa shemeji yangu alikuwa mpole hadi anaudhi. Ungemkanyaga, angekuomba radhi kwa kuweka mguu chini ya mguu wako. Sikuwa na ugomvi naye, ila safari ile niliitaka. Niliitaka sana. Kariakoo nilikuwa mke wa fulani na mkwe wa fulani. Guangzhou, nikiingia kwenye yale maduka ya jumla ya Zhanqian Road, wenye vibanda walikuwa wananiita mimi kwanza, wananivutia kiti mimi, wanabishana na mimi. Mwanamke akishaonja kitu kama hicho, kukiacha ni kazi.

Safari hiyo tulikuwa na magauni ya sikukuu ya watoto wa kike, yenye marinda na vifungo vya lulu mgongoni, yakishonwa katika karakana moja ya Kangle. Kangle ni mtaa wa vichochoro vyembamba, kila nyumba ina cherehani mpaka ghorofa ya juu, na waya za umeme zimesukwa juu ya vichwa vya watu. Safari ya kwanza tuliwahi kuonyeshwa kitambaa kimoja tukashonewa kingine, kwa hiyo mama mkwe akaapa kwamba safari hii haondoki karakanani mpaka gauni la mwisho lifungwe. Siku tisa nzima tulikaa pale juu ya marobota ya vitambaa, tukiwatazama watu wanashona. Nakwambia, hakuna kazi inayochosha kama kumtazama mwenzako anafanya kazi.

Siku ya pili mama mkwe alichoka kukaa bure. Akaomba bakuli la plastiki, akachota vifungo vibovu vilivyotupwa kwenye sanduku la takataka, akaokota mbegu ya lichi, tunda la huko, iliyotemwa na mtu, akaifuta kwenye khanga yake.

"Unakumbuka mdako?" akaniuliza.

Nani asiyeukumbuka? Lakini kwa waliokulia mbele ya televisheni nitaeleza. Kuna shimo dogo limejaa vijiwe. Unarusha komwe juu, na kabla halijashuka unazoa vijiwe kutoka shimoni, unalidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote isipokuwa kimoja, unalidaka tena. Hicho kimoja ni chako. Ukikosa kudaka, umeungua, mpishe mwenzio. Shimo likiisha mnahesabu. Kwetu sisi bakuli lilikuwa ndilo shimo, vifungo vilikuwa vijiwe, na mbegu ya lichi ndiyo komwe.

Akanifunga siku hiyo. Akanifunga kesho yake, na keshokutwa. Wale washonaji wakawa wanaacha masufuria yao ya chakula cha mchana wanakuja kutuzunguka, wanawake watu wazima wawili wa Kiswahili wamekaa sakafuni na mitandio yao, wanarusha mbegu ya lichi. Mama mkwe alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Magoti yalikufa, lakini mkono ulibaki msichana. Kila akizoa alikuwa anaguna kidogo, "Mh!" na ile "mh" ilikuwa inaniingia hapa kwenye koo inakaa.

Jioni ya siku ya tano, hotelini, jirani yetu wa chumba cha pili akaja kuazima pasi. Alikuwa mama wa Mombasa, mnunuzi wa viatu, mcheshi, mwenye kuuliza mambo yote.

"Nasikia huko kiwandani mwacheza mdako," akasema. "Nani ashinda?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Anashinda mama mkwe," nikasema. "Lakini namuachia, dada. Mkwe huyo, utamfunga kweli? Ni heshima tu."

"Wamuachia?"

"Namuachia. Nikitaka kumfunga, siku moja tu."

Mlango wa bafu ukafunguka. Mama mkwe akatoka, uso unadondoka maji ya udhu, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni. Mama wa Mombasa akachukua pasi akatoka hata kwaheri hakuaga.

Mama mkwe akaswali kwanza. Rakaa zote, bila haraka. Kisha akakunja mswala, akaniambia kwa upole kabisa, "Kesho usiniachie."

Sasa niseme ukweli ambao wakati ule sikuujua hata mimi mwenyewe. Sikuwa namuachia. Nilikuwa nimejidanganya, nikajiamini. Kila nilipoungua nilijiambia moyoni, "Ni mkwe, bwana, muache afurahi," na kwa siku nne uongo huo ukanilaza usingizi mzuri. Kesho yake nikaenda Kangle nimejifunga khanga kiunoni. Nikajiambia, leo ataniona, na akiniona ndiyo safari yangu hiyo, kwa sababu atajua kwamba mkono wangu ni mwepesi na kichwa kimetulia.

Alinifunga vifungo kumi na saba kwa vitatu.

Nikaomba tuanze upya. Kumi na tisa kwa kimoja. Wale washonaji wakacheka, si kwa ubaya, mmoja akanipigapiga begani kunipa pole, na hapo damu ikanipanda. Mwanamke mwenye watoto wawili, aliyevuka bahari kununua mali, nikalipiga teke bakuli. Vifungo vikatawanyika chini ya cherehani zote, nami nikatoka nje.

Nilizunguka vichochoro vya Kangle kwa muda, nikapishana na mikokoteni ya vitambaa, nikapigiwa kengele za baiskeli, mpaka hasira ikanitoka ikabaki aibu. Niliporudi, nusu ya washonaji walikuwa wamepiga magoti wanaokota vifungo, muda wao wa kula umekwisha. Na mama mkwe, kwa magoti yale, alikuwa chini ya meza anaokota nao.

Nikamkimbilia. "Mama, inuka, mama. Nisamehe."

Akainuka kwa kunishika bega. Akakaa juu ya robota, akapumua, ndipo akanipa hotuba. Akaniambia mchezo ni mchezo. Akaniambia vile ni vifungo tu, tena vibovu, vya takataka. Akaniambia mtu akikubali kuketi chini kucheza amekubali mawili, kwamba anaweza kushinda na anaweza kufungwa, na asiyetaka la pili asikae. "Unafungwa, unacheka, unakula chakula chako," akasema. "Mbona rahisi?" Nilisikiliza nimeinamisha kichwa. Kila neno lilikuwa la kweli, na kwa kila neno niliiona safari yangu inatembea kwa miguu yake kwenda kwa mke wa shemeji.

Siku ya saba, mshonaji mmoja akaomba kucheza. Alikuwa dada wa nywele fupi, mwenye umri kama wangu, aliyetoka mkoa wa Hubei, mwepesi kuliko wote pale kwenye cherehani. Akatuonyesha kwa mikono kwamba kwao pia mchezo huu upo, ila wao hawana shimo, wanazoa mezani. Mama mkwe akafurahi. Akamkaribisha, akamsogezea bakuli, akaniambia, "Tazama sasa watu wazima wanavyocheza."

Yule dada akachukua mbegu ya lichi, akaipima uzito mkononi, akarusha. Jamani! Sikuwahi kuona kitu kama kile. Alikuwa anazoa vifungo kumi, anadaka, anarusha, anarudisha tisa, anadaka, na macho yake wala hayatazami juu. Bakuli zima likaisha mama mkwe hajapata zamu hata moja. Mchezo wa pili, mama mkwe akapata zamu, akaungua aliporusha mara ya tatu. Mchezo wa tatu sitaki hata kuusimulia. Karakana nzima ilikuwa inapiga makofi, na yule dada anacheka kwa aibu, mkono mdomoni.

Nikamtazama mama mkwe nione jinsi mtu anavyofungwa, anacheka, na kula chakula chake.

Hakucheka. Chakula akasogeza pembeni. Akakaa juu ya robota amenyooka, midomo imebana, na baada ya kitambo akainuka kwenda kwenye mafungu ya magauni yaliyokwisha kushonwa. Kila fungu lilikuwa na kijikaratasi cha mshonaji wake. Akapita la kwanza, akapita la pili, akasimama kwenye fungu la yule dada wa Hubei. Akalichukua gauni la juu, akaligeuza ndani nje.

"Mshono umekwenda kombo," akasema. Akalitupa kando. Akachukua la pili. "Na hili." La tatu. La nne. Alipofika la kumi, laoban mwenyewe akaja, kijana mwenye pager kiunoni, akauliza kuna nini. Mama mkwe akamwonyesha mishono, akafanya ishara ya kufumua.

Laoban hakubishana na mteja. Alimgeukia yule dada, akamfokea maneno mengi ya haraka. Pale watu walilipwa kwa gauni, na gauni lililofumuliwa unalishona upya bure. Uso ukamwiva yule dada, akaketi, akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua la kwanza.

Nikaokota moja ya yale yaliyotupwa. Nikaligeuza, nikaupitisha mshono kati ya vidole vyangu kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Ulikuwa umenyooka kabisa. Nikaokota la pili, nalo vilevile. Sikuhitaji la tatu. Nilijua ninachokitazama, kwa sababu hasira ile niliifahamu nyumba yake na mlango wake. Ilikuwa yangu. Mimi nilipiga teke bakuli, yeye kapiga teke la kiutu uzima.

Sasa ninyi mnajua na mimi najua, kwetu mama mkwe habishiwi mbele za watu. Habishiwi hata mbele ya ukuta. Nilikuwa na siku mbili tu zimebaki za kuonyesha utii wangu, na baada ya lile teke nilizihitaji zote mbili. Nikakaa kimya. Nikajiambia, si dada yako, huyu, wala hukumfumulia wewe. Nikasikia mkasi wake, kats, kats, unakata uzi mzuri. Machozi yakamdondokea juu ya marinda.

"Mama," nikasema. "Amekufunga mdako. Gauni halina kosa."

Hakuna hata mmoja pale aliyejua Kiswahili, na wote walielewa. Cherehani zikanyamaza moja baada ya moja.

Mama mkwe akanigeukia. "Umesemaje?"

Nikarudia. "Gauni halina kosa, mama. Yote kumi hayana kosa. Umekasirika tu." Nikaenda nikamchukulia yule dada mkasi mkononi, nikamwambia laoban, "Hao, hao," yaani mazuri, mazuri, nikamwinulia na dole gumba asije akasema hakusikia.

Mama mkwe akachukua mkoba wake akatoka. Nikamfuata. Kwenye mkahawa wa Waislamu wa kaskazini mwa China, pale tulipokuwa tukila tambi kila jioni, akaagiza, bakuli likaja, akalitazama, akasusa. Mimi nikala zangu kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu safari nilikuwa nimeshaikosa, sasa nijinyime tambi za nini? Lakini hazikuwa na ladha. Nilikuwa na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na huzuni, maana nilimpenda yule mama.

Asubuhi aliniamsha mapema. Tulifika Kangle karakana ndiyo kwanza inafunguliwa. Akaketi, akavaa miwani, akaanza kulikagua fungu la yule dada, gauni moja moja, na safari hii alitazama kweli. Alipomaliza akavua miwani.

"Mwambie laoban, yote mazuri. Mwambie nilikosea mimi."

Nikamwambia, kwa Kichina changu cha sokoni, na laoban akacheka kwa nafuu. Kisha mama mkwe akachukua bakuli, akaliweka sakafuni, akashuka taratibu, goti moja, halafu la pili, akamwita yule dada kwa mkono. Yule akasita, akamtazama laoban, laoban akaitikia kwa kichwa. Wakacheza. Mama mkwe akafungwa vibaya kuliko jana. Niliuona mshipa wa shingo unavimba, nikaona vidole vinabana khanga, lakini hakuinuka. Alifungwa michezo mitatu, akaomba wa nne, akafungwa na huo. Kisha akasukuma bakuli pembeni, akaomba chakula chake, akala kwa taabu sana, kijiko baada ya kijiko.

Siku ya kuondoka tulikuwa hotelini tunafunga mabegi. Nilikuwa nimekaa juu ya begi ili lifunge, yeye anavuta zipu.

"Safari ijayo atakuja mke wa shemeji yako," akasema.

Nilikuwa nalijua, na bado lilinikata. Nikabaki nimekaa pale juu ya begi.

"Ni kwa sababu nilikujibu mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Samahani, mama."

"Sijakwambia uombe samahani." Akaacha zipu, akajinyoosha kwa kushika kiuno. "Nisikilize. Kununua, mwenzio atanunua. Atafuata orodha, hatagombana na mtu, atarudi. Lakini dukani nipo mimi. Na mimi kila siku zinavyokwenda nazidi ukorofi, najijua. Huyo mwenzio nitamwambia mchana huu ni usiku, ataniambia ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka nidhulumu watu wote wa Kariakoo na duka lifungwe. Wewe nakutaka karibu yangu."

Halafu akarudi kwenye zipu yake, akaniambia nikae vizuri, begi halifungi.

Nilienda bafuni nikalia. Nilinawa uso nikatoka kubeba mabegi, na nilinuna kutoka Guangzhou mpaka Dar es Salaam. Aliniacha ninune. Hata nyumbani watu waliponiuliza nikawaambia nimechoka na safari.

Wiki chache baadaye mke wa shemeji yangu akaja kwangu, amekaa kwenye ncha ya kiti, ananiomba nimwelekeze. Nikampa chai. Nikachukua daftari la shule la mwanangu, nikamchorea Zhanqian Road, nikamchorea njia ya Kangle, mlango gani, ngazi ipi, na nani asimwamini. Kulikuwa na kibanda kimoja cha soksi nilichokuwa nimemficha hata mama mkwe, bei yake nzuri, mwenyewe mwaminifu, nilichojiwekea kwa siku nitakayokwenda peke yangu. Kalamu ikasimama hapo kwa muda. Mwenzangu akadhani nimesahau njia, akaniambia kwa upole wake ule kwamba si lazima.

Nikamwandikia. Ghorofa ya pili, mkono wa kushoto, mwulize mama mwenye miwani, mwambie umetumwa na mimi.